Mfanyakazi Kaondoka, Akaunti Zimebaki

Kampuni ya watu 40 pale Westlands, Kilimani au Upper Hill jijini Nairobi siku hizi haikosi programu kumi hivi za kulipia kila mwezi. Kuna ya barua pepe, ya hesabu, ya mishahara, ya wateja, ya kuhifadhi faili, ya gumzo la ofisini, na kama ni kampuni ya mafundi wa programu, kuna ile wanamoweka kazi zao. Mfanyakazi mpya akiripoti Jumatatu, mtu wa IT humfungulia akaunti moja baada ya nyingine. Dakika kumi hapa, kumi pale, nywila ya muda kwenye kikaratasi, na kufikia saa sita mchana mgeni yuko kazini.

Kuondoka ndiko kwenye kasheshe. Anayeacha kazi huzungushwa na fomu. Stoo watasaini kwamba laptopu imerudi na chaja yake, mlinzi atachukua kadi ya lango, mhasibu atathibitisha kwamba hadaiwi masurufu. Mstari wa IT huwa chini kabisa, na aghalabu hutiwa sahihi Ijumaa jioni na kijana ambaye hakuwepo akaunti hizo zilipofunguliwa. Anafunga barua pepe, kwa sababu hiyo anaijua. Zilizosalia zinabaki wazi, na kila mwezi kampuni inazilipia kwa dola. Serikali imesumbuliwa na wafanyakazi hewa miaka mingi. Kampuni binafsi za Nairobi zina akaunti hewa.

Wauzaji wa mifumo ya utambulisho wanasema dawa wanayo. Jina likiingia katika daftari la wafanyakazi, akaunti zote zinazostahili cheo kile zinafunguka zenyewe, likitolewa, zinajifunga. Hilo linawezekana, na si jambo la jana. Programu nyingi kubwa huelewana kwa kanuni iitwayo SCIM, iliyochapishwa katika toleo lake la sasa Septemba 2015. Mfumo mmoja unashika orodha, programu nyingine zinapokea habari kwamba fulani ameingia, fulani amebadilishiwa idara, fulani hayupo tena.

Bei ndiyo inayowarudisha wengi nyuma, na haiko mahali wanapoitafuta. Mfumo wenyewe wa utambulisho si ghali sana. Entra ID P1 ya Microsoft ilikuwa dola 6 kwa mtu kwa mwezi katika orodha ya bei za 2025. Kwa watu 40 hizo ni dola 240, kama Sh31,000 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola. Anayelipia Microsoft 365 Business Premium kwa dola 22 tayari anayo ndani yake, ila mpango huo hauvuki watumiaji 300.

Maumivu yako kwenye programu zinazounganishwa. Watengenezaji wengi huruhusu SCIM katika mpango wao wa bei ya juu peke yake, hata kama mteja hana haja na kitu kingine chochote kilichomo humo. Chukua GitHub, ambayo karibu kila timu ya mafundi kati ya Ngong Road na Lavington inaitumia. Mpango wa timu ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Ule wa mashirika, ambao ndio unaokubali akaunti zifunguliwe na kufungwa kutoka nje, ni dola 21. Tofauti ni dola 17. Kwa watu 40, kwa mwaka mzima, ni dola 8,160, yaani zaidi ya Sh1.05 milioni, kwa programu moja tu. Na hiyo ni kwa kiwango hicho cha Sh129. Januari 2024, dola ilipokaribia Sh160, bili hiyohiyo ingefika Sh1.3 milioni bila kampuni kuongeza mtu hata mmoja. VAT ya asilimia 16 bado haijawekwa juu.

Sasa pima faida. Kampuni hiyo ikiajiri watu wawili kwa mwezi na kuagana na wawili, na kila mmoja akila saa mbili za mtu wa IT, hizo ni saa nane. Hakuna mhasibu wa Nairobi atakayeidhinisha milioni moja kwa mwaka ili kuokoa siku moja ya kazi kwa mwezi, na akiidhinisha inafaa aulizwe. Muuzaji anayekuja na hoja ya kuokoa muda anazungumza na kampuni isiyo yako. Hesabu hiyo inageuka kwa wenye maelfu ya wafanyakazi, kama Safaricom pale Waiyaki Way au mabenki yenye makao Upper Hill na katikati ya jiji, na kwa vituo vya kupokea simu ambako vijana huingia kwa mafungu na kutoka kwa mafungu. Hao wakifungua akaunti kwa mkono watahitaji chumba kizima cha watu wa kazi hiyo.

Kinachofaa kununuliwa na kampuni ya kati ni kufunga. Desemba 2021, mtu aliyekuwa ameacha kazi Cash App, programu ya malipo ya Marekani, alipakua ripoti za wateja kwa kutumia ruhusa ambayo ilipaswa kuisha siku alipoondoka. Kampuni mama, Block, ilipotangaza jambo hilo Aprili 2022 ilibidi iwaarifu wateja wapatao milioni 8.2. Mei 2021, bomba la mafuta la Colonial lilisimama baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani isiyotumika tena, lakini ambayo hakuna aliyeifunga. Kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 4.4.

Hapa kwetu mfano unaokuja haraka mdomoni ni wa NYS, shirika la serikali la huduma ya vijana, mwaka 2015. Sh791 milioni zilitoka kupitia IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali ulio chini ya Hazina Kuu, na naibu mkurugenzi mkuu wa NYS wa wakati huo akadai kwamba nywila yake ilitumiwa na wengine. Wauzaji wa mifumo hupenda kuitaja kesi hiyo. Waulize swali moja: mwenye akaunti alikuwa ameondoka? Hakuwa. Alikuwa mtumishi halali mwenye cheo halali, na mfumo wa kufungua na kufunga akaunti ungeiacha yake wazi kama kawaida. Nywila kuazimwa au kuibwa ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni uthibitisho wa pili unaodaiwa kwa kila malipo, pamoja na watu wawili wasiofahamiana sana kwenye kuidhinisha.

Gharama kubwa zaidi haimo katika orodha yoyote ya bei. Mfumo ukijiendesha huamini daftari, na madaftari yetu yana mambo. Mwanafunzi wa mafunzo kazini hayumo katika orodha ya mishahara. Mshauri aliyepewa kazi ya wiki sita hulipwa kwa ankara. Mkaguzi wa nje huja na timu yake kila Februari. Hao wote wanahitaji akaunti, na kwa kuwa daftari haliwajui, mtu wa IT atawafungulia kwa mkono kando ya mfumo, kisha akaunti hizo ndizo zitakazosahauliwa. Kuna pia akina Wanjiku wawili wenye herufi ya kwanza moja, mmoja wa mauzo na mwingine wa fedha. Kampuni iliyounda akaunti kwa majina badala ya nambari za wafanyakazi itagundua hilo siku ambayo Wanjiku wa mauzo amefungua faili ya mishahara.

Mtu anaweza kusema basi tununue mfumo wa wafanyakazi wa kimataifa unaoelewana na kila kitu. Sawa, lakini mifumo ya mishahara ya hapa huchaguliwa kwa sababu inajua sheria za hapa: SHIF ya asilimia 2.75 iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ada ya nyumba ya asilimia 1.5, viwango vya NSSF vinavyopanda kwa awamu. Mhasibu hawezi kuuacha huo kwa sababu mtu wa IT anataka SCIM. Kwa hiyo kampuni huishia na madaftari mawili na mtu wa kuyalinganisha, au na daraja lililoandikwa na fundi wa kukodi, ambalo siku fundi huyo akihamia Kigali hakuna wa kulikarabati.

Tena kuna sheria ya kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya. Idara ya wafanyakazi ikiandika neno moja katika daftari, kwamba fulani amesimamishwa, na mfumo ukatafsiri hilo kuwa ameondoka, mtu anapoteza barua pepe ambazo angejitetea nazo, na pengine faili zake zikaanza kuhesabiwa siku za kufutwa. Wakili wake atalipeleka hilo mbele ya hakimu, na kusema ni kompyuta iliyofanya hakutasaidia. Mfumo ujue kusimamisha, na ujue kwamba kusimamisha si kufuta.

Hatari nyingine ni ya kukusanya funguo zote mahali pamoja. Okta, mmoja wa wauzaji wakubwa wa huduma hizi duniani, aliingiliwa Oktoba 2023 kupitia mfumo wake wa kuhudumia wateja, na wadukuzi wakatoka na faili zilizowasaidia kujaribu milango ya baadhi ya wateja. Hiyo si sababu ya kurudi kwenye karatasi. Ni sababu ya msimamizi mkuu wa mfumo kulindwa kuliko meneja wa benki.

Kisha kuna akaunti ambazo haziungiki kabisa, na kwa bahati mbaya ndizo zenye pesa. Ukurasa wa kampuni kwenye mfumo wa kodi wa iTax, tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara, na zile za benki hazipokei amri kutoka kwa mfumo wako wa utambulisho. Katika ofisi nyingi za orofa za Kimathi Street na Moi Avenue, barua pepe iliyosajiliwa na KRA bado ni ile ya mhasibu aliyeondoka, na nambari za siri za kuidhinisha malipo zinaingia kwenye laini ya simu ya mtu ambaye sasa anafanya kazi kwa mshindani. Tarehe 20 ya mwezi ikifika na kodi inadaiwa, mwenye kampuni anampigia kumwomba asome tarakimu kwenye simu yake. Hakuna leseni ya dola itakayotibu hilo. Linatibiwa na mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina, akiwa na orodha.

Benki hazina hiari; mwongozo wa Benki Kuu wa Agosti 2017 kuhusu usalama wa mitandao unazitaka zisimamie ruhusa za watumiaji. Kampuni nyingine nazo zina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yenye faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni iliyo chini ya watu 100, msimamo wangu ni huu: endelea kufungua kwa mkono, na uache mashine ifunge. Unganisha barua pepe na zile programu mbili tatu zenye data za wateja, zifungike kwa pamoja mtu anapoondoka, na usiguse zile zinazodai upande mpango wa juu ili kupata kitu kimoja.

Na kabla hujatia sahihi mkataba wowote, mwombe mhasibu orodha ya leseni mlizolipia mwezi uliopita, mwombe anayeshughulikia mishahara orodha ya waliolipwa mwezi huohuo, uziweke sambamba. Jina lililo katika ya kwanza na halimo katika ya pili, uliza ni la nani. Asiye na maelezo, akaunti yake ifungwe leo.