Usiwache Madondo Solo

Wasee wa keja za kushea, kuanzia Roysambu, Kahawa Wendani mpaka Juja, hii ngori mnaijua. Usiku kila mtu amezima, moshi inajaa koridoo, mnatoka nje mbio na simu mkononi, kumbe ni madondo za msee wa rumu ya mwisho. Aliziwasha akaenda base kupiga stori. Sufuria imekuwa makaa.

Watu husema ni uvivu. Zii, mtaa nayo inachangia. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ndio maana maji huku inachemka ikifika kitu digrii 94, si 100 kama Mombasa. Madondo zinakula masaa, na nani ako na hiyo time ya kukaa akicheki sufuria? Unaamini maji. Na maji inakulinda kweli, juu ikiwa bado ndani, sufuria haiwezi kupita hizo digrii sana. Ikikauka, moto yote inaingia kwa dishi na kwa bati, na joto inapanda ile mbaya. Aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660. Moto ya meko inapita hapo.

Koili ndio noma zaidi. Hosteli mob zimeikataza, kwa hivyo inafichwa chini ya kitanda. Haijui kujizima. Stima ikipotea ukipika, unasahau, unafunga mlango unaenda klasi. Stima ikirudi, koili inaamka na sufuria kavu juu yake, na ufunguo iko mfukoni mwako kwa matatu, Thika Road. Jirani anaskia harufu lakini hawezi ingia. Hiyo ndio inanitisha kuliko zote.

Halafu kuna mafuta ya chipo na mandazi. Ikianza kutoa moshi, punguza moto hapo hapo, imekaribia kuwaka. Ikiwaka, tafadhali msee, usimwage maji! Maji inazama chini ya mafuta, inageuka mvuke mara moja, na hiyo mvuke inataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile maji ilikuwa nayo. Inarusha mafuta ikiwaka mpaka dari, na wewe uko hapo katikati. Zima meko, funika na kifuniko ama sinia, uwache ipoe yenyewe. Usijaribu kukimbia nayo nje pia. Sufuria zetu hazina mkono, na kitambaa chenye maji kinapitisha joto haraka. Ukichomeka, weka mkono kwa maji ya mfereji dakika 20. Dawa ya meno haisaidii, yai pia haisaidii.

Kama hauna time, si lazima uchemshe. Karibu kila mtaa kuna mathe anauza madondo na githeri zimeiva tayari. Buy za leo, kaanga na kitunguu na nyanya, dakika chache umedish, na gesi imebaki.

Na usiku wa leo, kabla watu walale, itaneni hapo kwa ploti mkubaliane: mwenye amewasha ndio anakaa, na kama rumu yako iko na koili, wachia beshte wa mlango wa pili ufunguo ya ziada.