Mfuko wa tumboni: Tunza ngozi, moyo utulie

Mtu anayezinduka baada ya upasuaji na kukuta choo chake kinatokea tumboni, kikiingia katika mfuko uliobandikwa ubavuni, hasumbuliwi sana na kidonda. Husumbuliwa na maswali. Ataendaje kanisani? Je, mfuko ukivuja akiwa amebanwa ndani ya matatu kutoka Kiirua kwenda Meru mjini?

Maswali hayo ni ya haki, nami naona jibu lake huanzia kwenye ngozi.

Upasuaji huu hufanywa kwa sababu nyingi: saratani ya utumbo mpana, utumbo uliojisokota, jeraha la ajali, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, hata mtoto kuzaliwa bila njia ya haja kubwa. Baadhi ya wagonjwa hurudishiwa njia ya kawaida baada ya miezi kadhaa. Wengine hukaa na tundu hilo maisha yao yote.

Tundu lenye afya huwa jekundu na lenye unyevu, mfano wa ndani ya shavu. Lenyewe halihisi maumivu. Kinachouma ni ngozi inayolizunguka, hasa kama choo ni cha majimaji kutoka utumbo mwembamba, kwani hubeba maji makali ya kusaga chakula. Ngozi ikichubuka hulowa, gundi haishiki, mfuko unavuja, nayo ngozi inazidi kuchubuka. Hapo ndipo mtu huacha kwenda sokoni.

Mara nyingi chanzo ni kipimo. Tundu hunywea katika wiki 6 hadi 8 za kwanza, na anayeendelea kukata kibandiko kwa kipimo cha hospitalini huacha ngozi wazi. Lipime kila unapobadilisha mfuko, ukiacha nafasi ya milimita 2 au 3 tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukaushe taratibu kwa kitambaa laini. Arimis na mafuta mengine weka kando, kwa maana gundi haishiki penye mafuta. Mwaga mfuko ukifika theluthi, na kabla ya kupanda gari.

Mifuko ni ghali, na wapo wanaojifunga vitambaa. Siwalaumu. Hata hivyo, wamwone muuguzi katika hospitali iliyo karibu, kama ile ya misheni ya St Theresa pale Kiirua, awaelekeze jinsi ya kuikinga ngozi kwa krimu ya zinki.

Na githeri? Mwenye tundu la utumbo mwembamba aisubirishe kwa wiki chache, maana maganda ya mahindi huweza kukwama. Viazi vya kuponda ni salama zaidi. Anywe vinywaji vya kutosha na chumvi asiiache, kwani hupoteza vyote viwili. Magunia ya viazi na mitungi ya maji abebewe na wengine, la sivyo utumbo waweza kuchomoza kando ya tundu.

Huzuni ya miezi ya kwanza ni ya kawaida. Mwonyeshe mkeo au mumeo tundu hilo mapema, na ikiwezekana ajifunze kubadilisha mfuko. Kuficha ndiko huzaa vitanda viwili. Kidonda kikipona, daktari akikubali, tendo la ndoa halikatazwi. Ila usingizi na hamu ya chakula vikipotea kwa zaidi ya wiki 2, au mawazo ya kufa yakija, mwambie daktari bila kuchelewa. Hali hiyo hutibika.

Tundu likigeuka jeusi au zambarau, damu isipokoma, au choo kikikatika kwa saa kadhaa huku tumbo likiuma na unatapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.