JE, WAJUA? Mshtakiwa wa mauaji huambiwa asijibu kitu

Tamthilia za Marekani zimetuzoesha mshtakiwa anayekana shtaka siku ya kwanza, kisha raia 12 wanaamua hatima yake. Hadithi ya kesi ya mauaji inayotokea Mzinga, Morogoro, ikiandikwa hivyo inakuwa ya uongo.

Hapa Tanzania mshtakiwa hufikishwa kwanza mbele ya hakimu, akasomewa shtaka, kisha akaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Kwa kawaida ni la Mahakama Kuu. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi haujakamilika. Inapangwa tarehe nyingine. Mshtakiwa anarudishwa rumande, maana mauaji hayana dhamana. Mwishoni anayeamua ni jaji. Hata wazee wa baraza walioketi naye miaka mingi walitoa maoni tu, na hayakumfunga.

Mwandishi anayeiruka hatua ya hakimu anatupa mali. Mtu anatuhumiwa kuua, haruhusiwi kusema neno, na mama yake anamtazama kutoka benchi la nyuma! Hakuna hotuba ya wakili inayolishinda tukio hilo. Tena tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mazungumzo ya kizimbani yapo tayari, hayahitaji kuazimwa Hollywood.