Fidla mbili, biti moja: Rimiksi haikuanza jana

Kila produsa akirudia biti ya zamani, lazima atokee mtu kwenye komenti: "Huyu hana jipya." Kabla hujamuunga mkono, vaa hedifoni zako kwa dakika kumi hivi. Tafuta La Folia ya Antonio Vivaldi, ile sonata ya fidla mbili, Opus 1 namba 12.

Najua unachofikiria. Mimi pia nilidhani muziki wa kina Vivaldi ni wa hoteli za watu wa suti. Lakini nilikuwa nimeacha chuo, ndiyo naanza kuandika, na kila nikikaa chini nilihisi yote yameshasemwa na watu wenye digrii zao. Ngoma hii ndiyo ilinitoa hapo.

Sikiza stori yake. Folia si mali ya Vivaldi. Ni mfuatano wa kodi uliotoka Ureno na Uhispania ukazunguka Ulaya miaka na miaka, na jina lenyewe maana yake ni wazimu. Mwaka 1700, Arcangelo Corelli, staa wa fidla kule Roma, alitoa Folia yake. Miaka mitano baadaye, kule Venice, padri kijana aliyekuwa akifundisha fidla wasichana wa makao ya watoto walioachwa akachapisha kitabu chake cha kwanza, sonata 12. Ya mwisho kabisa? Biti ileile ya Corelli. Hakuogopa kulinganishwa.

Sonata ya aina hii huitwa ya watatu, ingawa mara nyingi utaona wapigaji wanne. Kinachohesabiwa ni sauti zilizoandikwa: fidla ya kwanza, fidla ya pili na besi. Selo inashika besi, halafu mtu wa kinanda anajazia juu yake. Huyo wa kinanda ndiye aliyenimaliza. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumpa noti za besi na nambari tu, 6 hapa, 7 pale. Nambari zinamwambia ni kodi gani. Atakavyoipiga, atajijua papo hapo. Fristaili, lakini yenye mipaka.

Sasa rudi kwa zile fidla. Mwanzoni zinatembea pole pole, kama watu wanaosalimiana. Kisha biti inarudi mara 19 na kila raundi ina sura yake. Moja inauliza, ingine inajibu. Zinafukuzana. Kuna mahali zinapoa mpaka unadhani zimechoka, kumbe zinavuta pumzi ziwashe moto upya. Na hakuna staa na msindikizaji hapa: leo wewe uko juu, raundi ijayo ni mwenzako.

Huku chini, besi inashikilia safari ileile ya kodi. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo inazipa fidla ujasiri wa kwenda mbali, kwa sababu zinajua nyumbani ni wapi.

Kwa hivyo usiache wazo lako eti kuna mtu alikutangulia. Vivaldi alitanguliwa na wengi, na bado tunamsikiliza. Jaribu kuhesabu raundi zote 19. Mimi hupotea njiani kila mara, kisha narudia mwanzo.