Cheo ni Dhamana: Maisha ya Marehemu Samuel Sitta wa Urambo

Mzazi mmoja wa hapa Choma alinijia chuoni baada ya sala ya Alasiri kunitaka shauri juu ya mwanawe. Kijana alipenda kusoma sheria, na baba alikuwa na hofu. Alisema: "Mwalimu, wakili ni mtu wa kuupamba uwongo hata ukafanana na kweli, na mwanasiasa ni pacha wake. Nimpeleke mwanangu huko?" Sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimtajia mtu wa mkoa wetu huu wa Tabora, marehemu Samuel Sitta.

Huenda mwingine akauliza: kwa nini kumtaja asiyekuwa wa dini yetu? Na akumbuke kwamba Masahaba walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi kwa Najashi, mfalme wa Kikristo, kwa kuwa katika nchi yake hakudhulumiwa mtu. Uadilifu husifiwa popote uonekanapo.

Samuel Sitta alizaliwa Urambo tarehe 18 Desemba 1942. Mji huo waitwa kwa jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka wa 1884. Katika zamani za misafara ya pembe, wafanya biashara waliotoka Tabora kwenda Ujiji walilazimika kumridhisha Mtemi huyo kwa hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, ukilipwa hadharani mchana kweupe. Leo neno hilohilo lina maana ya mali itolewayo gizani ili haki ipinduliwe. Kijana wa Urambo alikuja kuwa mlinda mlango wa nchi katika zama za hongo hii ya pili.

Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingia Bungeni mwaka wa 1975. Baadaye alikiongoza Kituo cha Uwekezaji Tanzania, na mwezi wa Desemba 2005 Wabunge walimchagua kuwa Spika. Yeye mwenyewe aliahidi Bunge la viwango na kasi, na kwa maneno hayo akajulikana. Wakati wake Kanuni za Bunge zilitungwa upya mwaka wa 2007, na Waziri Mkuu akaanza kuulizwa maswali ya papo kwa papo mbele ya taifa zima.

Mtihani mkubwa ulimfika katika jambo la Richmond. Mwaka wa 2006 nchi ilikuwa na shida kubwa ya umeme, na kampuni hiyo ikapewa mkataba wa kuuleta. Umeme haukupatikana kama ilivyotarajiwa. Bunge likaunda kamati teule chini ya mwanasheria mwingine, Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008, ikaeleza kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu tarehe 7 Februari, ingawa alilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Mawaziri wawili wakajiuzulu pamoja naye.

Tuzingatie hapa. Spika alikuwa mtu wa Chama cha Mapinduzi, na Serikali iliyohojiwa ilikuwa ya chama hicho hicho. Lau angalitaka, angaliweza kuifunika taarifa ile kwa hila za kanuni. Aliiacha isomwe. Kumhukumu mgeni ni jambo jepesi. Kuacha haki ipite juu ya jamaa zako ndiyo mizani ya mtu. Naye alilipa thamani yake, kwani wengi katika chama chake walimkasirikia. Mwaka wa 2010 chama kiliamua kwamba wagombea wake wa uspika wawe wanawake, na kiti kikaenda kwa Bi Anne Makinda. Sitta akaendelea kutumika akiwa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Walakini mwalimu asiyeonesha ila hufundisha nusu. Mwaka wa 2014 Sitta alikuwa Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Wajumbe wa upinzani walitoka mwezi wa Aprili, wakidai kwamba rasimu ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa ikibomolewa. Bunge likaendelea bila ya wao, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa mwezi wa Oktoba. Mahakama ya Kadhi, ambayo Waislamu wengi waliitaka itajwe humo, haikutajwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Wengi waliomsifu mwaka wa 2008 walimlaumu safari hii, wakisema kwamba aliyewafungulia wengine mlango wa kusema hakuwangoja wenziwe warudi. Kufaulu mtihani wa jana hakumsamehe mtu mtihani wa leo.

Alifariki tarehe 7 Novemba 2016 huko München, Ujerumani, akazikwa kwao Urambo.

Basi nilimwambia yule mzazi: mpeleke mwanao. Elimu ya sheria ni kama kisu cha jikoni. Hukata nyama ya karamu na hukata mkono pia. Ila kabla hajaenda, mpe kazi ya kugawa chakula kati ya nduguze na mtoto wa jirani, ukatazame kama atajipendelea. Akigawa sawa bila ya kusimamiwa, usimwogopee Bunge wala mahakama.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye kuchunga amana. Amin.