Alitaka dawa ya kichwa, mwalimu akamkatalia

Fungua simu usiku ukiwa umechoka, hutakosa programu ya taamuli inayokuahidi akili tulivu kwa dakika tano tu. Ni sawa, usingizi ni muhimu. Lakini kuna jamaa aliyefuata nafuu ya aina hiyo akakataliwa mlangoni.

S. N. Goenka alizaliwa Mandalay, Burma (leo Myanmar), 1924, katika familia ya wafanyabiashara wa Kihindi. Pesa alikuwa nazo. Shida ilikuwa kipandauso, kikali hadi akawa anadungwa mofini. Alizunguka Ulaya, Marekani na Japani akitafuta matibabu, akarudi na kichwa kile kile. Rafiki akamwelekeza kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali, mtu wa ofisi na mafaili, ambaye pia alifundisha taamuli ya Vipassana. Goenka alipotaja kichwa, mwalimu alikataa: njia hii ni ya kumtoa mtu kwenye mateso ya moyo, na kuigeuza dawa ya maumivu ni kuishusha hadhi.

Goenka alienda kuwaza. Kilichomtisha zaidi ni dini: yeye alikuwa Mhindu wa kweli kweli, na hii ilikuwa njia ya Buddha. Mwaka 1955 akarudi, akakaa siku kumi. Kichwa kilipoa, ila kama nyongeza tu. Kuanzia 1969 alifundisha India, na kozi zake zikasambaa duniani.

Si mchezo, bana. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Simu unaikabidhi, na huongei na wenzako. Siku tatu za kwanza unatazama pumzi tu. Ya nne unaanza kupitisha fahamu mwilini, kutoka utosini hadi vidoleni. Goti linawaka moto; hulikimbii, unaliangalia. Taratibu maumivu yanahama, yanapungua, yanarudi. Buddha alifundisha kwamba kila kitu kinapita, na kwamba tunaumia kwa kung'ang'ania. Hilo unaweza kulisoma jioni moja ukaelewa. Goti halikubali uelewe kwa kichwa tu.

Ada hakuna, gharama hulipwa kwa michango ya waliotangulia. Ila kuna sharti ambalo wengi hulisoma haraka haraka: kwa siku hizo kumi unaweka kando sala zako, rozari, tasbihi na kufunga. Si kuasi dini, wanasema, ni kuipa mbinu nafasi. Kwa kijana aliyelelewa kanisani au madrasa, hapo ndipo pagumu kuliko goti, na ni heri uamue kabla hujajaza fomu.