Mashindano ya Kuifundisha Mashine Kushika

Msomaji, jaribu jambo hili usiku wa leo bwenini, taa zikiisha kuzimwa. Fungua sanduku lako, tia mkono ndani, utoe kipande cha sabuni. Hutahitaji kuona. Vidole vitapita juu ya shati, vitagusa daftari na kuliacha, halafu vitaikuta sabuni na kuishika kwa nguvu ya kutosha isiponyoke. Kazi hiyo yote ni fupi kuliko maneno ya kuieleza, na hakuna mwalimu aliyepata kukupa hata alama moja kwa ajili yake.

Basi watu wenye elimu kubwa, kutoka vyuo vikuu vya nchi nyingi, wamepata kushindania zawadi ya fedha ili ijulikane ni nani awezaye kuifundisha mashine kazi ya namna hiyo. Makala haya yaeleza jinsi mashindano hayo yalivyokuwa, na kwa nini yanatuhusu na sisi.

Kwanza tuelewe roboti ni nini. Roboti ni mashine iongozwayo na kompyuta. Katika viwanda vya motokaa ziko roboti ambazo huunganisha vyuma kwa moto mchana na usiku bila kuchoka. Lakini roboti hizo zimekwisha kuambiwa kila chuma kitakuwa mahali gani. Ukikisogeza kidogo, roboti ya namna hiyo yaweza kuchoma hewa tupu bila kujua. Roboti inayojitegemea ni nyingine kabisa. Hiyo yatakiwa itazame yenyewe, iamue yenyewe na itende yenyewe, pasipo mtu kuishika mkono.

Kampuni ya Amazon ya Marekani huuza vitu vya kila aina kwa watu wanaoagiza kwa njia ya intaneti. Mwaka 2012 ilinunua kampuni nyingine, Kiva Systems, kwa dola milioni 775. Mashine za Kiva ni fupi na zina magurudumu. Huingia chini ya rafu iliyojaa bidhaa, huiinua, na kuipeleka mpaka aliposimama mfanyakazi. Kwa hiyo mfanyakazi hana haja tena ya kuzunguka ghalani. Lakini kukitoa kitu ndani ya rafu kulibaki kuwa kazi ya mkono wa mtu. Hapo ndipo kampuni ilipotangaza mashindano.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwezi wa Mei 2015 katika mji wa Seattle, Marekani. Kila roboti iliwekwa mbele ya rafu yenye vijumba 12. Ilipewa orodha ya vitu 12, kimoja katika kila kijumba, na dakika 20 za kuvitoa na kuvitia katika kasha. Kulikuwa na kitabu, biskuti, bata wa mpira, penseli za rangi, na vinginevyo. Aliyetoa kitu sicho, au kukiangusha, au kukiharibu, alikatwa alama. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na huko Seattle roboti nyingi zilirudisha mikono mitupu.

Pengine utacheka, lakini tafakari ugumu wenyewe. Katika orodha kulikuwa na kikopo cha kuwekea kalamu, kilichofumwa kwa wavu wa chuma. Kamera ya roboti hupima umbali kwa mwanga, na mwanga ukipita katika matundu ya wavu, kamera hudhani hapana kitu. Karatasi inayong'aa huurudisha mwanga upande usiotazamiwa. Mfuko laini hubadili umbo kila unapoguswa. Tena vitu hulaliana, na kimoja hukificha kingine. Mtoto wa miaka mitatu hushinda matatizo hayo yote kwa sababu ngozi ya vidole vyake humwambia kila mara kitu kimekaaje mkononi. Roboti nyingi hazina ngozi ya namna hiyo.

Washindi wa mwaka ule walikuwa timu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, waliopata alama 148. Wa pili, chuo cha MIT cha Marekani, walipata 88. Je, Wajerumani walitengeneza mkono wenye vidole vitano kama wetu? La. Walichukua mkono wa mashine, wakauweka juu ya kigari, na mwisho wake wakatia bomba la mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi, ile itumikayo majumbani. Bomba lilifyonza, kitu kikanata, kikatolewa. Kwa njia hiyo walitoa vitu 10 katika 12. Walipokwisha waliandika makala wakieleza waziwazi yaliyowafaa na yaliyowakwaza, ili wengine wajifunze.

Zawadi ya kwanza ilikuwa dola 20,000, ya pili 5,000, na ya tatu 1,000. Mwenye kujua hesabu atauliza: kampuni iliyotoa dola milioni 775 kununua Kiva, mbona hapa ilitoa 26,000 tu? Jibu ni kwamba zawadi humlipa mshindi, lakini huwafanyisha kazi wote. Timu 26 zilishindana. Tatu tu zikalipwa. Ni njia ya zamani ya kuvuta akili za watu wengi kwa gharama ndogo, na yafaa vijana waitambue kabla ya kuingia katika shindano lo lote.

Mwaka 2016 mashindano yalihamia Leipzig, Ujerumani. Safari hii roboti zilitakiwa kutoa vitu katika rafu na pia kuvipanga ndani yake. Timu ya Delft kutoka Uholanzi ilishinda yote mawili. Katika kutoa vitu ililingana na timu moja ya Japani, kila mmoja alama 105, lakini Waholanzi walihesabiwa washindi kwa kuwa roboti yao iliwahi zaidi kutoa kitu cha kwanza. Wao walitumia mfyonzo pamoja na koleo dogo, na kompyuta yao ilijifunza kutambua vitu kwa kuonyeshwa picha nyingi.

Sasa natupige hesabu. Roboti ya Berlin, vitu 10 kwa dakika 20, ni sawa na 30 kwa saa, yaani kitu kimoja kila dakika 2. Roboti ya Delft ilifikia vitu kama 100 kwa saa, yaani kimoja kila sekunde 36. Lakini katika kila majaribio 6, moja lilikosea. Wakati ule mfanyakazi wa ghala alikadiriwa kutoa vitu 400 kwa saa. Hicho ni kitu kimoja kila sekunde 9, na huyo ni mtu anayechoka na kuumwa mgongo.

Mwaka 2017, katika mji wa Nagoya, Japani, sharti gumu liliongezwa: nusu ya vitu vilikuwa vigeni, na timu zilionyeshwa vitu hivyo muda mfupi tu kabla ya kuanza. Washindi walitoka Australia, kwa alama 272, wakapokea dola 80,000. Roboti yao, waliyoiita Cartman, haikuwa mkono wenye viungo bali ilifanana na kreni ya bandarini. Ilikwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, yaani katika mihimili ile ile ya X, Y na Z tuichorayo katika somo la hesabu. Waliiunda wenyewe kwa gharama ndogo, wakashinda timu zilizotumia mikono ya bei kubwa.

Je, haya yana maana gani kwetu? Wako wanaosema kwamba mashine zitachukua kazi zote. Wako wanaosema haziwezi neno. Nadhani wote wawili wamekosea. Mashine iliyotoka vitu 30 hadi 100 kwa mwaka mmoja haidharauliki, na mtu anayelisha watoto wake kwa kazi ya kuchagua na kufunga bidhaa ana haki ya kuuliza kesho itakuwaje. Lakini duka linalokosea mara moja katika sita halikai na wateja. Kazi iliyo rahisi kwa mkono wa mtu ndiyo iliyowasumbua wataalamu miaka mitatu mfululizo.

Wanafunzi wengine hudharau kazi ya mikono. Hudhani kushona, kuseremala na kuchambua mchele ni kwa wale wasioweza vitabu. Mashindano haya yaonyesha kwamba mama achambuaye mchele, huku macho yake yako kwa mtoto, afanya jambo ambalo vyuo vikuu vingali vinalitafuta. Tena waliounda Cartman walihitaji hesabu na bisibisi pamoja.

Kama huamini, fanya jaribio hili na wenzako. Tieni vitu 12 vya namna mbalimbali katika sanduku: kifutio, yai, leso, chupa, soksi, na vinginevyo. Mmoja afungwe macho na ashike koleo la mkaa. Mwingine amwongoze kwa maneno matupu, bila kumgusa. Wapeni dakika 20. Hesabuni vilivyotoka vizima, mpunguze alama kwa vilivyoanguka. Mkipata 10, mmelingana na Berlin. Yai liacheni mwisho.